Sekunde 30 kwenye Big Ten Network: nilicholipa na nilichopata

Tangazo langu la kwanza la televisheni lilipita Jumatano usiku, katikati ya mechi ya voliboli ya wanawake, likakatika kabla ya tarakimu ya mwisho ya namba ya simu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya kukatia, binti yangu kaelekeza simu kwenye skrini anarekodi. Sauti yangu ikataja tarakimu tisa. Ya kumi ikamezwa na kelele za ukumbi, mchezo umesharudi, mpira uko hewani. Tukatazamana. Sekunde zile 30 nilizilipia dola 58.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye biashara ndogo hapa Marekani. Kila Septemba ikikaribia, wauzaji wa matangazo hupita mlango kwa mlango, na mimi nilipotafuta mtu aliyewahi kununua muda kwenye chaneli ya michezo ya vyuo akaeleza kwa Kiswahili, sikumpata. Nilitumia dola 3,000 kwa jumla. Huduma ni nzuri kwa fundi kama mimi, ila kile wanachokuuzia kwa mbwembwe sicho chenye faida, na chenye faida hawakitaji mpaka ukiulizie mwenyewe.

Nina duka la kushona na kurekebisha nguo kaskazini mwa Columbus, Ohio. Cherehani nne, mafundi watatu nikiwemo mimi. Tunapandisha pindo, tunabadilisha zipu za makoti ya baridi, tunapunguza magauni ya harusi, na kila vuli tunaletewa yale majaketi ya sufu ya wanafunzi wa sekondari wanaocheza michezo, tushone herufi ya shule kifuani. Mji huu unaishi kwa michezo. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Ohio State, chuo kikuu cha mji huu, unaingiza watu zaidi ya 100,000, na Jumamosi ya mechi dukani haingii mtu mpaka kipenga cha mwisho. Kwa hiyo mtu akikwambia anaweza kukuingiza kwenye chaneli ya Big Ten, unamsikiliza.

Ila ujue kwanza unanunua nini. Big Ten ni umoja wa michezo wa vyuo vikuu, na tangu Agosti 2024 una vyuo 18, kuanzia Rutgers kule New Jersey mpaka UCLA na Washington upande wa Pasifiki. Chaneli yake ilianza kurusha matangazo tarehe 30 Agosti 2007, ikimilikiwa na umoja wenyewe pamoja na Fox. Siku mbili tu baadaye ikarusha mechi ya futiboli ambayo wateja wangu wa makamo bado wanaisimulia: Appalachian State, chuo cha daraja la chini, kiliifunga Michigan 34 kwa 32 nyumbani kwake. Watu wa Columbus huisimulia kwa furaha maana Michigan ni hasimu wao. Lakini mashabiki wengi siku ile hawakuiona, kwa sababu kampuni zao za kebo zilikuwa hazijaelewana na chaneli kuhusu malipo.

Kisa hicho kilinifungua macho. Chaneli ya namna hii ina mifuko miwili: ada inayolipwa na kampuni ya kebo kwa kila nyumba yenye chaneli hiyo, na pesa za matangazo. Rutgers na Maryland zilipoingizwa mwaka 2014, hesabu kubwa ilikuwa nyumba za upande wa New York na Washington D.C. zilizokuwa zikilipia kebo. Na katika mapatano ya ada, kampuni ya kebo huachiwa kama dakika mbili za kila saa iziuze yenyewe kwa wafanyabiashara wa eneo lake. Sisi wadogo tunauziwa dakika hizo. Nyingine zote ni za chaneli yenyewe, zinaonekana nchi nzima, na humo utakuta bima, pikapu, mbegu za mahindi, pamoja na matangazo ya vyuo vyenyewe, mwanafunzi mwenye miwani ya maabara anatembea chini ya miti iliyogeuka rangi.

Langu lilionekana upande wa kaskazini wa mji tu, tena kwa wateja wa kampuni moja ya kebo. Hili liulize kabla hujasaini. Jirani yangu, fundi magari kutoka Nakuru, anatazama chaneli hiyo hiyo kupitia intaneti. Nilimpigia simu usiku mmoja nikamwambia, "Kaka, angalia, lile langu linapita sasa hivi." Akanijibu anaona tangazo la vidonge vya kiungulia. Mechi ni ile ile, dakika ni ile ile, lakini pengo lake kwenye intaneti linajazwa na wengine. Vijana wengi wameshahama kebo, kwa hiyo unaponunua dakika za kebo unanunua zaidi wazazi na wazee. Kwangu ni sawa, wao ndio wenye makoti ya kurekebisha. Ukiuza viatu vya vijana, fikiria upya.

Kampuni ya kebo sitaitaja. Nina malalamiko nayo, nitayasema, lakini tumeyamaliza kwa mazungumzo na baadhi wameyarekebisha.

Muuzaji wao alikuja dukani mwezi Agosti na karatasi ya kung'aa yenye picha ya uwanja umefurika nguo nyekundu. Kijana mpole, alikaa kwenye kiti cha wateja karibu na kioo, akaniambia nitakuwa "ndani ya futiboli". Maneno hayo aliyarudia mara tatu. Nilimwomba ratiba, akasema ataituma. Haikuja mpaka nilipokuwa nimeshasaini, na hapo ndipo nilipokaa na binti yangu tukaipitia mechi kwa mechi. Ohio State ilikuwa na mechi 12 za msimu wa kawaida mwaka ule wa 2024. Zilizorushwa na Big Ten Network ni mbili tu: ya 7 Septemba dhidi ya Western Michigan, iliyoisha 56 kwa 0, na ya 16 Novemba dhidi ya Northwestern, iliyochezwa Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago. Zilizobaki zilikwenda Fox, CBS na NBC, na moja ikawekwa Peacock kwenye intaneti. Mechi kubwa haziji kwenye chaneli ya umoja, zinauzwa kwa wakubwa. Mkataba wangu ulianza 23 Septemba ukaisha 17 Novemba. Piga hesabu: nililipia "futiboli" wiki nane, nikapata mechi moja ya timu ya mji wangu.

Kila Jumamosi kulikuwa na mechi za vyuo vingine, siwezi kusema hapakuwa na futiboli. Lakini mtu wa Columbus haitazami Rutgers kwa moyo ule ule. Huiacha inaendelea huku anaosha vyombo.

Mkataba ulikuwa hivi. Matangazo 96 ya sekunde 30. Kati ya hayo 24 yalikuwa ya kuingia ndani ya michezo ya moja kwa moja, dola 58 kila moja. Mengine 72 wanayaita ya mzunguko: yanaingia popote kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita usiku, wao ndio wanaochagua, dola 14 kila moja. Jumla dola 2,400, na dola 600 za kutengeneza tangazo lenyewe.

Kutengeneza kulichukua nusu siku. Mpiga picha alikuja asubuhi na taa mbili na kamera aliyoiweka chini kabisa, lenzi karibu iguse bamba la cherehani. Alitaka sindano ionekane inaingia na kutoka. Nikamwekea uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kijivu, rangi za Ohio State, na nyuma yangu nikatundika jezi ya mteja niliyokuwa nimemshonea namba upya. Nilijivunia sana mpangilio ule. Siku nne baadaye tangazo likarudishwa na mkaguzi wa kampuni: jezi itolewe, na neno Buckeyes, jina la timu za Ohio State, litolewe kwenye maneno yangu. Nembo na majina ya timu ni alama za biashara za chuo, huwezi kuzitumia kwenye tangazo lako bila leseni, na Ohio State wanalinda zao kweli kweli. Mwaka 2022 walisajili hata neno THE kwa ajili ya nguo na kofia. Nilikasirika siku ile, maana nilikuwa nimeshona jezi ile kwa mkono wangu. Lakini mimi ni fundi, ningechukia mtu abandike jina la duka langu kwenye kazi yake. Tukapiga picha upya na koti jekundu lisilo na maandishi. Rangi hawakuikataa.

Maneno niliyaandika mwenyewe. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Koti lako bado zima. Zipu ndiyo imechoka. Tuletee zipu." Muuzaji alipendekeza watafute msomaji wa sauti, Mmarekani. Nikakataa. Sauti ninayopokelea wateja mlangoni ndiyo niliyotaka waisikie kwenye televisheni, lafudhi ya pwani na yote. Uamuzi huo siujutii hata kidogo. Wateja watatu waliingia, nikawasalimu, wakasema, "Ni wewe yule!"

Makosa yetu upande wa utengenezaji yalikuwa mawili. La kwanza ni sauti. Kuna sheria ya mwaka 2010 inayokataza tangazo kuwa na sauti kubwa kuliko kipindi, na kanuni zake zilianza kufanya kazi Desemba 2012. Mpiga picha wangu aliiogopa sheria ile akashusha sauti kupita kiasi, kiasi kwamba baada ya kelele za ukumbi mimi nilisikika kama nanong'ona chumba cha pili. Alirekebisha kwa siku moja, bure. La pili ni ile tarakimu ya kumi.

Niliomba kuongea na fundi wa mitambo wa kampuni, na huyo mama alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote. Ndani ya matangazo ya chaneli kuna ishara isiyoonekana inayouambia mtambo wa kebo: sasa ingiza ya kwenu. Mtambo unacheza matangazo yaliyopangwa, manne ya sekunde 30 kwa pengo la dakika mbili, kisha unarudisha chaneli. Mchezo wa moja kwa moja haumsubiri mtu. Mwamuzi akiruhusu mpira uanzishwe, chaneli imerudi, na aliye wa mwisho kwenye foleni hukatwa mkia. Mimi nilipangwa wa nne. Na namba yangu ya simu niliiweka wapi? Mwishoni kabisa, kama wafanyavyo wote. Tulihariri upya: namba ikakaa chini ya skrini kuanzia sekunde ya tatu, na kwa sauti nikaitaja katikati. Ikiwa kuna kitu kimoja tu utakachokichukua kwangu, chukua hicho.

Sasa malalamiko makubwa. Vuli ile ilikuwa ya uchaguzi, na Ohio ilikuwa na kinyang'anyiro cha useneta kati ya Sherrod Brown na Bernie Moreno, kimojawapo cha vilivyokula pesa nyingi zaidi nchini mwaka 2024. Kila pengo la matangazo lilikuwa uso wa mgombea. Mkataba wangu ulikuwa na kifungu, kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu, kwamba tangazo la bei ya chini linaweza kusogezwa akija mnunuzi wa bei ya juu. Kati ya matangazo yangu 24 ya moja kwa moja, 9 yalisogezwa kabla ya tarehe 5 Novemba. Hawakuniambia. Walinipa ya fidia kimya kimya, na ya fidia yaliwekwa kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Nililijuaje hilo? Kwa hati ya kurushwa. Ni orodha inayoonyesha kila tangazo lilipita tarehe gani, saa ngapi, dakika na sekunde, ndani ya kipindi gani. Idai kila wiki, usingoje ankara ya mwisho wa mwezi. Niliipata ya wiki ya tatu, nikaanza kupitisha rula mstari kwa mstari kama ninavyopima kitambaa. Mstari wa sita: saa 9:12 usiku, marudio ya mechi ya zamani. Nikasimama hapo. Saa tisa usiku wateja wangu wamelala, na waliokesha wana mtoto mgonjwa au wako zamu ya hospitali, hawatafuti fundi wa zipu. Nilipiga simu nikiwa na hati mkononi, nikasoma tarehe na saa za yote tisa. Kijana wa mauzo alinyamaza kidogo, kisha akasema atazungumza na bosi wake. Nilimwambia sitaki kurudishiwa pesa, nataka mchezo wa moja kwa moja kwa mchezo wa moja kwa moja. Baada ya siku mbili wakakubali: tisa zote ziingizwe kwenye voliboli baada ya uchaguzi. Bila hati ile nisingekuwa na la kusema.

Voliboli ndiyo iliyonilipa.

Niliinunua bila kuitaka. Ilikuwa sehemu ya kifurushi, muuzaji aliitaja mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayekuongezea vifungo vya bure. Usiku wa kwanza nilitazama kwa ajili ya tangazo langu, na mechi ikanishika. Wasichana wale wanajitupa sakafuni kuokoa mpira ambao mimi ningeshauacha, wanainuka, wanapigana viganja, wanarudi kwenye nafasi zao. Na ukumbi umejaa. Chaneli hii ndiyo iliyorusha mechi ya Nebraska tarehe 30 Agosti 2023, walipoweka wavu katikati ya uwanja wa futiboli wa Lincoln na watu 92,003 wakaja kutazama wanawake wakicheza. Nilipoisoma namba ile nilielewa ni watu gani wanaotazama chaneli hii Jumatano usiku wakati hakuna futiboli.

Halafu kuna jinsi mchezo wenyewe unavyosimama. Futiboli husimama kila mara: timu ikifunga, ni matangazo; mpira ukibadilisha upande, ni matangazo; na mapumziko ya katikati ni dakika 20. Mtazamaji ameshajua muda wa kwenda jikoni. Voliboli haina uvivu huo. Kwenye seti, timu ya kwanza ikifika pointi 15 mchezo husimama kwa ajili ya televisheni, na kusimama kwenyewe ni kufupi mno mtu kuinuka kwenye kochi. Anakaa. Anakutazama. Mechi ikiwa imebanana 15 kwa 14, anakutazama kwa macho makali kuliko ya yule ambaye timu yake inaongoza 56 kwa 0.

Chini ya kaunta nina daftari. Kila mteja mpya namuuliza alitusikia wapi, naandika kwa neno moja au mawili. Kuanzia 23 Septemba mpaka mwisho wa Novemba, wateja wapya 34 walisema televisheni. Kati yao 21 walitaja voliboli wenyewe, bila mimi kuwauliza mchezo. Sita walisema futiboli, karibu wote wiki ile baada ya mechi ya Wrigley Field, ambako nilikuwa na nafasi mbili na zote zikapita salama. Saba hawakukumbuka. Aliyesema aliniona kwenye marudio ya mchana hakuwepo hata mmoja, na yale matangazo 72 ya mzunguko yaliangukia zaidi huko, kwenye marudio. Dola 1,008 zilizokwenda huko nazihesabu zimepotea.

Mmoja wa wale 21 alikuja mwanzoni mwa Novemba, mama wa makamo mwenye mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na jaketi la sufu la binti yake, mikono ya ngozi, na kifuani herufi ya shule, ile ya manyoya mazito. Duka jingine lilikuwa limeibandika kwa gundi na imeanza kubanduka kona moja. Herufi kama hiyo ukiipitisha kwenye cherehani manyoya yanalala na mguu wa mashine unaacha alama. Inashonwa kwa mkono, mishono midogo kwenye ukingo wa kitambaa cha nyuma, sindano inaingia chini ya manyoya bila kuyavuta, na bitana la ndani unalifungua kwanza ili uzi usishike upande wa pili. Nilimwonyesha pale pale, mishono minne ya mwanzo. Akaegemea kaunta akatazama kimya. Kisha akasema binti yake anacheza nafasi ya mwokoaji, yule wa jezi tofauti, na kwamba wao wawili hutazama pamoja kila Jumatano, na kwamba mkono wangu aliuona kwenye televisheni kabla ya kuniona mimi.

Alirudi Desemba na magauni ya kwaya ya shule, 40, ya kupandisha pindo, dola 18 kila moja. Alikuja siku chache baada ya fainali, ile ya 22 Desemba ambayo Penn State, chuo cha Big Ten, kiliifunga Louisville, na Katie Schumacher-Cawley akawa kocha wa kwanza mwanamke kutwaa ubingwa wa taifa wa voliboli daraja la kwanza, akiwa katika matibabu ya saratani ya titi. Tuliongea habari hiyo mpaka chai ikapoa, huku napima pindo na yeye anashika pini.

Kwa pesa, hesabu yangu ni hii. Wateja wale 34 waliniletea dola 1,690. Magauni ya kwaya dola 720. Jumla dola 2,410 dhidi ya 3,000 nilizotoa, kwa hiyo mpaka mwaka unaisha nilikuwa bado chini kwa dola 590. Mtu wa haraka atasema ni hasara. Mimi natazama kwamba tangazo ninalo, halitengenezwi upya, na 11 kati ya wale 34 wamesharudi mara ya pili. Ningekuwa nimezitumia zile 1,008 za marudio kununua voliboli, ningepata nafasi 17 zaidi za moja kwa moja.

Kuna jambo jingine la kupimia kabla hujafunga mkataba mrefu: chaneli zenyewe haziishi milele. Ile ya Pac-12, umoja mwingine wa vyuo, ilianzishwa 2012 ikazimwa 30 Juni 2024, baada ya vyuo vyake vingi kuhamia kwingine. Ile ya chuo cha Texas peke yake, Longhorn Network, televisheni ya michezo ya ESPN waliisainia miaka 20 kwa dola milioni 300, ikaanza 2011, na haikuimaliza miaka hiyo. Nayo ilikoma 2024. Big Ten ina nguvu, na umoja mwingine, SEC, una yake tangu 2014, na ACC tangu 2019, lakini mimi na cherehani nne nasaini wiki nane nane, si mwaka.

Januari kijana wa mauzo alirudi, safari hii bila karatasi ya kung'aa. Nilimwandikia mwenyewe ninachotaka: hakuna matangazo ya mzunguko, hakuna marudio, michezo ya moja kwa moja tu, nisiwekwe wa mwisho kwenye pengo, likisogezwa, fidia iwe ndani ya mchezo wa moja kwa moja ndani ya siku 14, hati kila Jumatatu kwa barua pepe. Alisoma, akapiga simu kwa bosi wake akiwa amesimama pale pale mlangoni. Bei ikapanda kutoka 58 hadi 61. Nikakubali. Msimu wa voliboli umepita, kwa hiyo nimechukua mieleka na mpira wa kikapu wa wanawake. Mieleka Ohio ina wenyewe, baba na wana ambao hukaa mbele ya televisheni saa mbili bila kusema neno, na wote wana makoti.

La kwanza la mkataba mpya lilipita Ijumaa usiku, wa pili kwenye foleni ya wanne. Binti yangu alirekodi tena. Tuliirudisha video mara tatu, tukahesabu kwa sauti: namba yote kumi iko pale chini ya koti jekundu, tangu sekunde ya tatu mpaka mwisho.